Nguo Nzuri na Mfuko Mdogo

Jumapili moja, baada ya Misa, tulikaa chini ya mwembe pamoja na vijana wanaojitayarisha kupokea Kipaimara. Mmoja wao ni kijana anayebeba mizigo sokoni kwa chukudu. Siku hiyo alikuwa amevaa shati jeupe. Shati lenyewe lilikuwa la mtumba, tena kola yake ilikwisha kuchakaa upande mmoja, fundi akaigeuza. Lakini lilikuwa safi, limepigwa pasi vizuri, na viatu vyake viling'aa. Mzee mmoja alipita, akamtazama toka juu hata chini, akasema: «Mwana wa maskini avae kama maskini. Wewe unatafuta sifa.» Kijana akanyamaza. Mzee alipokwisha kwenda, akatuuliza: «Mwalimu, kumbe kupenda nguo nzuri ni dhambi, ikiwa mtu hana mali?»

Tulimjibu maneno machache, kwa sababu saa ya mafundisho ilikuwa imefika. Lakini njiani tulipokuwa tunarudi nyumbani, tuliona kwamba jibu letu halikututosha sisi wenyewe. Swali lile si la kijana mmoja tu. Ni la mama anayetafuta kitenge kwa ajili ya arusi ya mdogo wake. Ni la baba anayetaka watoto wake wasichekwe shuleni. Basi tulifikiri pamoja, ninyi na sisi.

Tuanze mwanzo kabisa. Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba Adamu na Eva, walipokwisha kufanya dhambi, walijishonea majani. Mungu angaliweza kuwaacha hivyo hivyo. Lakini kabla ya kuwatoa bustanini, yeye mwenyewe aliwafanyia mavazi ya ngozi, akawavika. Angalieni: aliwaadhibu, lakini hakuwaaibisha. Tena siku ya Ubatizo Ekleziya inamvika mtoto nguo nyeupe, mtoto wa tajiri na mtoto wa mwenye shamba dogo sawasawa. Kwa hiyo nguo si ya kuzuia baridi tu. Inasema neno juu ya yule anayeivaa: huyu ni mtu, ana heshima yake mbele ya Mungu.

Babu zetu walilijua neno hilo kwa uchungu. Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilipotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikafika Nyangwe na Kasongo katika Manyema, kitambaa ndicho kilichokuwa fedha. Watu walihesabu kwa shuka, maana yake yadi 2, na kwa doti, maana yake shuka 2. Kwa merikani nyeupe na kaniki nyeusi walinunua chakula, walilipa wapagazi, na, ole wetu, walinunua hata watu. Mtumwa alijulikana kwa nguo yake duni. Ndiyo maana huko Unguja, sheria ya utumwa ilipofutwa mwaka 1897, wengi waliopata uhuru waliacha nguo za kitumwa, wakavaa kanga na kanzu. Hawakuwa wametajirika. Walitaka tu macho ya watu yaone jambo lililokuwa kweli.

Katika Kongo ya Wabelgiji mambo yalifanana na hayo. Mwaka 1948 serikali ilianza kutoa kadi ya sifa njema kwa Waafrika walioitwa évolués, na mwaka 1952 ikaongeza sheria ya kuwaandikisha. Aliyeomba alichunguzwa elimu yake, mwenendo wake, hata nyumba yake na namna ya kuishi kwake. Halafu, katika miaka ya 1970, Mobutu alikataza kostimu na karavati, akataka wanaume wavae abakosti. Jina hilo lenyewe linatoka katika maneno ya Kifaransa ya kusema: kostimu ianguke! Karavati zilirudi baada ya yeye kutangaza mwisho wa chama kimoja, tarehe 24 Aprili 1990. Basi mtu asituambie kwamba nguo ni neno dogo. Wakubwa wa dunia hawatungi sheria kwa ajili ya neno dogo.

Sasa tuwasikilize waalimu wa Ekleziya. Mtakatifu Tomasi wa Akwino aliuliza swali hili hili juu ya mavazi. Alifundisha kwamba nguo yenyewe haina dhambi. Kosa liko katika moyo wa anayeitumia bila kiasi. Na kukosa kiasi kuna pande mbili. Upande wa kwanza ni kuzidisha: kuvaa ili usifiwe, kuvaa kwa kupenda anasa, au kujisumbua kwa nguo kuliko inavyofaa. Upande wa pili ni kupunguza: uvivu wa mtu asiyejali kuvaa kama inavyompasa, na tena majivuno ya mtu anayetaka kusifiwa kwa sababu ya matambara yake. Ndiyo, ndugu, mtu anaweza kujivunia hata matambara! Naye Mtakatifu Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva, katika kitabu chake cha maisha ya ibada kilichotoka mwaka 1609, alitaka watu wa ibada wawe ndio wanaovaa vizuri kati ya wenzao, lakini wasiwe na makuu hata kidogo. Aliona kwamba usafi wa nje ni kama mfano wa usafi wa ndani.

Labda mmoja wenu atasema: «Lakini Bwana Yesu alitukataza kusumbukia mavazi.» Ni kweli. Alitukataza kusumbuka. Lakini soma vizuri Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 6. Je, Bwana alisema kwamba maua ya kondeni ni mabaya kwa sababu yamependeza? Hapana. Aliyasifu kuliko mavazi ya mfalme Solomoni. Alichokataa ni ule wasiwasi unaomla mtu usiku, si uzuri. Tena fikirini: ua la kondeni halina mali yoyote. Ni maskini kuliko sisi sote, na Mungu amelivika vizuri.

Basi mzee wetu alikosa aliposema kwamba mwana wa maskini avae kama maskini. Umaskini si kabila, wala si nguo ya kazi ambayo mtu analazimishwa kuivaa ili wenye mali wamtambue.

Lakini tusikimbilie kumsifu kijana upesi. Kuna hatari ya kweli, na mzee aliiona, hata kama hakusema vema. Ninyi nyote mmesikia habari za Sape, ile jamii ya watu wa Brazzaville na Kinshasa waliofanya kuvaa kuwa kazi ya ustadi. Marehemu Papa Wemba, aliyezaliwa mwaka 1949, aliieneza sana kwa nyimbo zake na kwa mavazi yake mwenyewe. Tusiwacheke. Wana kanuni zao, na baadhi ya kanuni hizo ni za busara. Wanasema rangi katika mavazi zisizidi 3. Wanasema sapeur wa kweli awe msafi, aongee kwa adabu, asipigane. Kanuni hizo hazidai hata faranga moja. Mtu mwenye suruali moja anaweza kuzishika.

Hata hivyo kati yao wako walioishi na njaa ili wapate viatu vya jina kubwa kutoka Ulaya, wakalala katika chumba kisicho na kitanda. Wako waliofika kuiita «dini ya kitendi», maana yake dini ya kitambaa. Hata kama walisema kwa mchezo, neno hilo lituogopeshe kidogo. Mungu wa kitambaa anadai sadaka kila siku, na siku ya ugonjwa haji kumtazama mtu. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi mpaka uko wapi kati ya heshima na majivuno? Tumefikiri sana, na tumeona kwamba swali la kutusaidia si «nguo hii ni nzuri kiasi gani?» wala «imetoka wapi?» Swali ni hili: nani amelipa? Kila nguo nzuri inalipwa na mtu. Ikiwa mvaaji mwenyewe ameilipa kwa jasho lake, kwa uvumilivu wake na kwa mikono yake, avae kwa furaha. Ikiwa mwingine amelipa bila kupenda, hapo uzuri umekwisha kuharibika.

Mwenye mfuko mdogo anaweza kulipa kwa namna nyingi zisizo fedha. Analipa kwa macho: sokoni, balo la mitumba linapofunguliwa, hashiki nguo kwa sababu ya jina lililoshonwa shingoni. Anaigeuza nje ndani. Anatazama mishono, kwapa, kola na mapaja ya suruali, mahali nguo inapoanza kufa. Analipa kwa akili: anachagua rangi chache zinazopatana, ili shati 2 na suruali 2 zimpatie mavazi ya namna 4. Analipa kwa sindano: kifungo kilicholegea anakikaza leo, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Analipa kwa maji na sabuni: anaanika kitenge kivulini, upande wa ndani ukiwa nje, jua lisile rangi. Na analipa kwa makaa ya pasi. Tena pasi si mapambo tu. Katika nchi zetu kuna nzi anayeweza kutaga mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake wanaingia katika ngozi ya mtu. Moto wa pasi unaua mayai hayo. Mama anayepiga pasi hata vitambaa vya mtoto mchanga hatafuti sifa, anamlinda mtoto.

Mtu aliyelipa hivyo, hata nguo yake ikiwa ya bei ndogo sana, amevaa vizuri. Na hakuna aliyeumia.

Sasa tutazame malipo mabaya. Tunayaona ya namna 3.

La kwanza, mtoto ndiye anayelipa. Baba amenunua viatu vyenye ncha, na mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada ya shule. Mama ameingia katika deni kwa ajili ya kitenge cha Uholanzi, na watoto wanakula mara moja kwa siku mpaka deni liishe. Watu wanaomsifu njiani hawajui kwamba wanasifu chakula cha watoto. Hapo methali ni kweli kabisa: nguo ya kuazima haisitiri.

La pili, fundi ndiye anayelipa. Wangapi kati yetu tumechukua nguo kwa fundi usiku wa kuamkia Noeli, tukasema: «Nitakuletea zilizobaki wiki ijayo»? Na wiki hiyo haijafika mpaka Pasaka. Mtakatifu Yakobo anafundisha kwamba mshahara uliozuiliwa unalia, na kilio chake kinafika kwa Bwana. Ukikaa kanisani katika nguo ambayo fundi hajalipwa, kilio hicho umekivaa.

Juu ya mafundi kuna neno zaidi. Wengine wanasema: mitumba ya Ulaya na Marekani imewanyang'anya kazi wafumaji na washonaji wetu, kwa hiyo anayeinunua anatenda vibaya. Neno hilo si la kudharauliwa. Jirani zetu wa Rwanda walipandisha sana ushuru wa mitumba mwaka 2016 ili viwanda vyao vikue, na mwaka 2018 Marekani ikawajibu kwa kuondoa nafuu ya ushuru juu ya nguo zinazotoka Rwanda. Mizani hiyo ni ya serikali kupima. Sisi hatuwezi kumtwika mzigo huo mama mwenye watoto 6 anayetafuta sweta moja la bei ndogo. Lakini tunaweza kufanya jambo dogo: shati la mtumba tulipeleke kwa fundi wa mtaani alipunguze mabega, ageuze kola, abadili vifungo, na tumlipe siku ile ile. Hivyo nguo ya mbali inampa jirani chakula.

La tatu ndilo lililotufanya tushike kalamu. Ni pale ambapo mwenzetu analipa kwa aibu.

Tutasema wazi, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Miaka mitatu iliyopita, parokia moja tuliyoitumikia ilikuwa na sikukuu kubwa. Halmashauri ya sikukuu ilikaa, nasi tulikuwa ndani yake. Tulichagua kitenge kimoja kwa kina mama wote, kipande cha yadi 6, maana yake vikwembe 3. Tulisema: «Itapendeza.» Hakuna aliyeuliza bei ni ngapi kwa mtu auzaye sambaza barabarani. Siku ilipofika, kwa kweli ilipendeza. Kanisa lilikuwa kama shamba moja la maua. Tulijisifu.

Juma lililofuata tulimtembelea mama mmoja mjane, ambaye hajawahi kukosa Misa ya Jumapili. Tulimwuliza kama aliugua. Akasema: «Hapana, Mwalimu. Nilifua kikwembe changu tangu Alhamisi. Nilikipiga pasi. Nilifika mpaka mlangoni. Nikaona wote wamefanana, mimi peke yangu ndimi tofauti. Nikarudi.» Alisema bila hasira. Kisha alitupa kiti, akatuuliza kama tumekula.

Ndugu wasomaji, katika Kwaresima ya mwaka ule ule sisi wenyewe tuliwafundisha wakatekumeni sura ya 2 ya barua ya Mtakatifu Yakobo, habari ya tajiri anayeingia kusanyikoni na pete ya dhahabu akapewa kiti kizuri, na maskini akaambiwa asimame pale. Tulifundisha vizuri. Lakini mama yule hakuambiwa hata asimame pale. Hakuna aliyemfukuza. Nguo zetu ndizo zilizomfukuza, na sisi tulikuwa tumesimama mbele tukiimba.

Tangu siku hiyo tumeona kwamba hata nguo ya bei ndogo inaweza kuwa na majivuno, ikiwa inawafungia wengine mlango. Wala kufanana si umoja. Mwaka uliofuata tuliomba jambo jingine: jumuiya ilichanga kidogo kidogo, tukanunua kipande kimoja cha yadi 6, fundi akakikata vitambaa 18 vya kichwa. Tulifanya hivyo mpaka kila mama akapata chake, aliyechanga na asiyechanga. Nguo nyingine kila mtu alivaa ile aliyokuwa nayo, mradi iwe safi. Wengine walinung'unika kwamba picha hazikupendeza kama za mwaka wa kwanza. Hiyo ni kweli, hazikupendeza sawasawa. Lakini mama yule yumo katika picha.

Kabla ya kumaliza, tumkumbuke kijana mmoja wa Kongo ambaye Ekleziya imempa jina la Mwenye Heri: Isidori Bakanja. Alibatizwa mwaka 1906, akiwa msaidizi wa waashi huko Mbandaka. Halafu alikuwa boi wa Mzungu katika mashamba ya mpira. Juu ya mwili wake alivaa skapulari ya Bikira Maria, vipande 2 vidogo vya kitambaa vilivyounganishwa kwa uzi. Msimamizi alimwamuru aivue. Alikataa. Mwaka 1909 alipigwa fimbo zaidi ya 100 kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, na baada ya miezi ya maumivu akafa tarehe 15 Agosti, huku amemsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Na Papa Wemba, tuliyemtaja hapo juu, alianguka jukwaani huko Abidjan akafa, tarehe ile ile ya 24 Aprili, mwaka 2016. Hatusemi hivyo ili kumhukumu. Mungu ampokee kwa huruma yake. Tunasema tu kwamba kila mwaka siku hiyo inaweza kutukumbusha Wakongomani 2 waliojulikana kwa nguo. Nguo ya Bakanja haikuwa na bei yoyote sokoni. Aliilipa yeye mwenyewe, na hakumlipisha mwingine, hata adui yake.

Basi wewe ndugu yetu mdogo wa chukudu, jibu letu la chini ya mwembe lilikuwa fupi, sasa pokea hili. Si dhambi kupenda nguo nzuri. Endelea kupiga pasi shati lako jeupe. Jumamosi jioni, unapong'arisha viatu vyako, jiulize kwanza: nani amelipa? Ikiwa mama yako amekula, na fundi amepata haki yake, simama wima. Na ukifika kanisani ukamwona mwenzako mwenye shati lililopasuka amesimama mlangoni akisitasita, usikae mbele ili uonekane. Rudi, umshike mkono, mwingie pamoja, mkae benchi moja.

Na wewe, mzee wetu, tunakuomba kwa heshima: utakapomwona tena kijana maskini amependeza, usimwulize anatafuta nini. Mwulize nani alimfundisha kugeuza kola. Huenda hata sisi tutajifunza.

Tumsifu Yesu Kristu.